Ufito wa Faiba

Msomaji, yamkini umepita mara nyingi kando ya maji huko Likoni au Mtongwe, ukawaona watu wamesimama juu ya miamba maji yanapojaa, kila mmoja na mshipi wake mkononi. Wengi wao hawana ufito. Mshipi umezungushwa kwenye chupa ya plastiki au kipande cha mti, chubwi limefungwa, ndoana imetiwa chambo cha kamba au ngisi, na mkono wenyewe hufanya kazi ya kurusha, kuhisi na kuvuta. Wavuvi wa kwetu aghalabu husema kuwa ufito ni chombo cha wageni, na kwamba aliyezoea mshipi humsoma samaki kwa ncha ya kidole kama kipofu asomavyo kitabu chake. Kauli hiyo ina ukweli mwingi, na mimi sipendi kuwabishia watu ambao chakula cha watoto wao hutoka katika kazi hiyo. Lakini mkono nao una siku zake.

Nyuma ya nyumba ninayokaa pana kibanda kidogo cha mabati. Ndani yake mna meza nzito, jiliwa moja, misumeno miwili, tupa na msasa. Mchana ni mwalimu. Jioni, na siku za Jumamosi, hutengeneza fito za kuvulia zilizovunjika. Fito hizo nyingi hutoka kwa wageni wanaokuja kuvua pwani yetu, desturi ambayo si ya jana: Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, alivua samaki Malindi mwaka 1934. Ufito ukivunjika mgeni huuacha, na aliyeachiwa huuza kwa bei ya soda mbili.

Labda utauliza faiba ni kitu gani. Ni kioo kilichoyeyushwa na kuvutwa kuwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Nyuzi hizo hufumwa kitambaa, kitambaa hutiwa gundi ya maji maji, kikazungushwa juu ya chuma kirefu kilichochongoka, kisha vyote vikaokwa katika tanuri. Gundi ikishakauka, chuma huchomolewa, na kinachobaki ni mrija mwepesi, mnene upande wa mpini na mwembamba kichwani. Zamani fito bora za Ulaya na Marekani zilichongwa kwa mwanzi wa Tonkin uliotoka Uchina. Mwaka 1950 Marekani ilipofunga biashara yake na Uchina mwanzi huo ukaadimika, na faiba, iliyokuwa imekwisha kuingia sokoni miaka michache kabla, ikashika nafasi yake. Siasa za wakubwa zina njia nyingi za kufika hata kwenye ndoana.

Sasa nikueleze habari ya ufito mmoja.

Jirani yangu ni mzee aliyevua kwa mshipi maisha yake yote, kusi na kaskazi, kwanza katika mtumbwi wa watu, baadaye katika wake mwenyewe. Kiharusi kilimpata, kikamwacha na akili timamu, ulimi mkali kama zamani, na mkono wa kushoto usiokamata kitu. Mtu wa mkono mmoja hawezi kuvua kwa mshipi, kwa sababu mkono mmoja huvuta na mwingine hupokea. Mjukuu wake, kijana wa kidato cha tatu, alikuja kwangu jioni moja na ufito mrefu begani. Ulikuwa wa kuvulia ufuoni, wa mita 3, uliovunjika sentimita 15 kichwani. Alikuwa ameununua kwa fedha alizozipata kwa kubeba mizigo.

“Shikamoo, Mwalimu. Nataka utengenezwe tuutumie na babu.”

Neno lile “tuutumie” ndilo lililonikalisha chini. Kijana alitaka urefu. Ufito mrefu hurusha chubwi mbali, kupita mwamba, penye maji ya kina apitapo kolekole; na kolekole mmoja mzuri, akiuzwa, hununua madaftari ya muhula mzima. Lakini mzee angeushika vipi? Kumbuka somo la wenzo ulilofundishwa darasani. Ukiuweka mpini kwapani na mkono sentimita 60 mbele yake, ufito ule ulibaki na mita 2.25 kutoka mkononi hadi kichwani. Samaki akivuta kichwani kwa nguvu ya kilo 2, mzigo unaoupinda mkono ni nguvu hiyo mara urefu huo. Ukikata sentimita 75, inabaki mita 1.5, na mzigo umepungua theluthi nzima. Ni kweli kwamba ufito hunepa na kuufupisha wenzo, lakini kwa mkono wa mtu mgonjwa theluthi moja ndiyo tofauti ya kuvua na kutovua.

Wala si mahali popote panapokatwa. Ukikata zaidi upande wa kichwa, ufito hukakamaa: ule ulaini unaomwambia mvuvi kuwa samaki ameonja chambo huondoka. Ukikata upande wa mpini, kichwa hubaki na hisi zake, lakini sehemu nene yenye nguvu ndiyo inayokwenda. Na ukishakata, umekata; chuma huungwa kwa moto, ubao kwa msumari, lakini nyuzi za kioo zilizokatwa hazirudiani.

Niliwaeleza wote wawili hesabu hiyo, siku ya pili, mzee amekaa kwenye kiti mlangoni mwa kibanda. Kijana aliinamisha kichwa, akawa anaifuta vumbi meza isiyokuwa na vumbi.

“Mwalimu,” mzee akasema, “mimi sitaki kurusha mbali. Samaki wa mwambani nawajua, changu na chewa, nami sina haja ya kuwafuata kwao. Lakini ufito si wangu. Muulize mwenyewe.”

Kijana hakujibu upesi. Kisha akachukua kalamu, akaupima upande wa mpini, akatia alama kwenye sentimita 75.

Kazi yenyewe ni ya subira. Tulizungusha utepe wa gundi mahali pa alama, ukaza sana, ili nyuzi zisifumuke. Ufito hatukuubana katika jiliwa, maana mrija ulio wazi ndani hupasuka ukibanwa. Tuliulaza juu ya vipande viwili vya mbao vilivyochongwa mfano wa bonde. Vumbi lake ni vumbi la kioo. Huwasha ngozi na halifai kifuani. Basi tulifunga barakoa, tukavaa mikono mirefu, tukawafukuza watoto uani, na kila mara tukadondosha maji penye msumeno ili vumbi lisiruke. Nilitumia msumeno wa chuma wenye meno madogo. Yeye aliuzungusha ufito polepole nami nikaukwaruza pande zote, mzunguko baada ya mzunguko, hata msumeno ukatokeza ndani kwa pamoja. Anayekata kwa upande mmoja moja kwa moja hung'oa nyuzi ndefu za mwisho, na ufa ukishaanza hutambaa.

Tulisawazisha ncha kwa msasa uliolowa, tukaipaka gundi. Kisha tukautafuta uti wake. Kila ufito wa namna hii una upande mmoja ulio mgumu zaidi, pale kitambaa kilipopandana. Ukiuegemeza mezani ukaubonyeza huku ukiuviringisha, huruka wenyewe na kutulia upande wake. Hapo ndipo pete hupangwa kwa mstari, zikafungwa kwa uzi. Pete ya kichwani tuliitoa kwenye ufito mwingine.

Wiki iliyofuata, wakati wa maji mafu, mzee aliketi mwambani, mpini kwapani, mjukuu akimzungushia rili. Alipata changu wawili, wadogo, akawalaumu kwa udogo wao kana kwamba walikuja kwa makusudi ya kumtania.

Kipande cha sentimita 75 sikukitupa. Kinaweza kuunganishwa na ufito mwingine mwembamba kwa kutia kijiti cha faiba ndani ya mirija yote miwili. Kijana amekihifadhi chini ya kitanda chake, na kila Jumamosi huwauliza mabaharia wa boti za wageni kama kuna ufito uliovunjika upande wa mpini.