Kwenda Lamu na Mtoto Asiyekula Ngano

Lamu ni mji unaotambulikana kwa pua kabla ya macho. Vichochoro vyake havipiti gari, basi hakuna moshi wa kuifunika harufu ya jikoni. Asubuhi ni iliki na mafuta ya moto, mchana ni tui la nazi na samaki wa kupaka, na baada ya Laasiri ni mkaa wa mishkaki. Mgeni akitembea Usita wa Mui kutoka Mkomani hadi Langoni aweza kujua, mlango kwa mlango, nyumba ipi inakaanga mahamri na ipi imeinjika wali. Sisi tulikwenda huko kwa harusi, na tulikuwa na sababu ya kuzifuata harufu hizo kwa makini kuliko wageni wengi. Tulikuwa wanne: kina mama wawili, nyanya yetu, na binti wa miaka 11 ambaye mwili wake haustahimili ngano.

Maradhi yake yanaitwa siliaki. Katika ngano, shayiri na nafaka ya rai mna protini iitwayo gluteni, ile inayoufanya unga uliokandwa uvutike na mkate uumuke. Kwa mwenye siliaki, kinga ya mwili huiona gluteni kuwa adui, na katika kupigana nayo huushambulia utumbo mwembamba wenyewe. Vijidole vidogo mno vilivyoufunika ukuta wa utumbo, ambavyo kazi yake ni kufyonza lishe, hulala na kuliwa. Mtoto anakula, anashiba, na chakula hakimfai kitu. Huu si mzio wa kupita, wala mtoto hauachi kwa kukua. Dawa yake hadi leo ni kuiacha gluteni maisha yote, na akiiacha kwa ukamilifu utumbo hujijenga upya.

Binti yetu alikuwa na tumbo lililojaa na miguu iliyokonda, damu yake ilikuwa chini kila ilipopimwa, na kwa miaka miwili nguo za Idi zilimtosha zile zile. Alitibiwa minyoo, akatibiwa amiba, akapewa dawa za kuongeza damu, katika zahanati zaidi ya moja. Hatuwalaumu waliomtibu, kwani dalili hizo ni za maradhi mengi ya huku kwetu. Mwishowe daktari mmoja aliagiza kipimo cha damu cha kutafuta kingamwili za maradhi haya, kisha akaagiza uchunguzi wa kamera ili kipande kidogo cha utumbo kitazamwe. Hapa tuwanong'oneze akina mama jambo moja: ukishuku siliaki, usimwachishe mtoto ngano kabla ya vipimo. Akiiacha, kingamwili hushuka na utumbo huanza kupona, na majibu yaweza kusema hana kumbe anayo. Jambo la pili ni kwamba wazazi na ndugu wa tumbo moja nao wapimwe, kwa sababu takriban mmoja katika kila 10 wao huwa nayo bila kujua.

Jirani zetu waliposikia walisema haya ni maradhi ya Wazungu. Ni kweli kwamba aliyeithibitisha ngano kuwa chanzo alikuwa daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Alikuwa ameshaanza kuushuku mkate kabla ya vita. Katika njaa kuu ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mikate ilipoadimika Uholanzi, alizidi kuona kwamba watoto wenye maradhi haya hupata nafuu wasipokula ngano. Mwaka 1950 aliyaandika hayo katika tasnifu yake ya udaktari. Lakini watafiti walipowapima watoto wa Wasahrawi, Waislamu wa Sahara Magharibi wanaoishi katika kambi za wakimbizi huko Algeria, waligundua, katika matokeo yaliyochapishwa 1999, kwamba zaidi ya 5 katika kila 100 walikuwa na siliaki. Duniani kwa jumla hukadiriwa kuwa mtu mmoja katika kila 100. Wazee wa Wasahrawi waliishi kwa maziwa na nyama ya ngamia na tende, kisha unga wa ngano ukaja ukawa ndio chakula chao kikuu. Kwa hiyo tuache kuyagawa maradhi kwa rangi za watu.

Tulitoka Mombasa alfajiri. Kikapu chetu kilikuwa na vitumbua vya mchele tuliousaga nyumbani, mayai ya kuchemsha, mihogo na ndizi. Basi liliposimama Malindi wachuuzi walilizingira kama kawaida yao, na ndipo mtu anapoona jinsi chakula cha Pwani kilivyo rafiki na hasidi kwa pamoja. Bajia za kunde hazina ngano hata chembe. Viazi karai huvikwa unga, na unga huo mara nyingi ni wa ngano. Sambusa ni ngano wazi. Lakini vyote vitatu vilikuwa vimetoka katika karai moja na mafuta yale yale, na mafuta hayasahau kilichopita ndani yake. Binti yetu alinunua korosho kavu na dafu, akatulia dirishani. Kuanzia Garsen, tulipouvuka Mto Tana, hadi Witu alilala.

Mokowe tulipanda boti, na mji ukatokea mbele yetu na nyumba zake za mawe ya matumbawe. Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza mji huu wa kale katika orodha ya urithi wa dunia kwa ajili ya majumba na utamaduni wake. Sisi tungeongeza meko yake, ingawa hatukuulizwa.

Kabla ya kufika kwa wenyeji wetu tuliingia duka moja karibu na Ngome kununua biskuti na viungo. Hapo tulikaa karibu saa nzima, na mwenye duka, Mungu ambariki, alituletea viti. Mwanamke wa Kiislamu ni msomaji wa lebo tangu zamani. Tumezoea kugeuza pakiti kutafuta jelatini ya nguruwe na kileo, tena tunawafundisha watoto wetu. Lakini alama ya halali haisemi lolote juu ya ngano. Biskuti yaweza kuwa halali kwa umma mzima na ikawa sumu kwa mtoto mmoja, na ni juu ya mama yake kusoma upande wa nyuma kwa maandishi madogo kama mchanga.

Kwenye bidhaa za hapa Kenya maneno huwa ya Kiingereza, na ya kutafuta ni machache. Wheat ni ngano, barley ni shayiri, rye ni rai. Malt ni kimea, na aghalabu ni cha shayiri; humo ndimo binti yetu alimopoteza kinywaji chake cha unga wa chokoleti alichokipenda. Semolina ni ile suji tuijuayo, nayo ni ngano. Unga wa ata ni ngano vilevile, hata ukisifiwa kuwa bora kwa afya. Tambi ni ngano, ila zile zilizoandikwa kuwa ni za mchele. Oti kwa asili yake haina gluteni ya ngano, lakini hulimwa na kusagwa pamoja nayo, basi tunaiacha isipokuwa imethibitishwa kuwa safi. Maneno "haina ngano" hayatoshi, kwa sababu shayiri yaweza kuwamo. Linaloaminika zaidi ni tamko kwamba chakula hakina gluteni. Kipimo cha kimataifa cha Codex, ambacho huwekwa chini ya mashirika ya chakula na afya ya Umoja wa Mataifa, kinataka chakula cha namna hiyo kisizidi miligramu 20 za gluteni katika kila kilo.

Nusu ya rafu za duka lile zilikuwa na bidhaa za Ghuba, zenye lebo za Kiarabu. Nyanya yetu, asiyesoma Kiingereza, alikaa mbele yake akawa mwalimu wetu. Alisoma qamh, na hinta, yote mawili ni ngano. Alisoma daqiq, unga, ambao usipotajwa ni wa nini mtu auhesabu kuwa wa ngano. Alisoma samid, suji. Alipofika kwenye sha'ir alicheka, kwa kuwa neno hilo tumelichukua zamani tukalifanya shayiri letu. Na mwisho wa rafu akaipata pakiti ndogo ya tambi iliyoandikwa khali min al-ghlutin, yaani isiyo na gluteni. Bei yake ilikuwa mara nne ya zile za kawaida. Tuliinunua, lakini tunasema wazi kwamba mtoto mwenye siliaki hahitaji vyakula hivyo vya anasa ili aishi. Wali, muhogo, viazi vitamu, ndizi, mbaazi, mtama, mahindi, samaki na nyama, vyote ni vyake, mradi unga wake usisagwe katika kinu kilichotoka kusaga ngano.

Viungo ndivyo vilivyotushangaza zaidi. Mvuje wa unga, ambao Wahindi huuita hing, mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano ili usigande. Vidonge vya supu navyo vingine vina ngano. Tangu siku hiyo tunanunua bizari nzima na kuisaga wenyewe.

Harusi ilikuwa Mkomani, katika nyumba yenye daka na kiwanda cha ndani kilichojaa wanawake. Hapo ndipo ilipokuwa hofu yetu ya kweli, nayo haikuwa ya dukani. Chakula cha harusi huliwa kwa sinia, watu wanne au watano kwa mikono yao, na katika kila sinia wali huwa umezungukwa na chapati na sambusa. Mkono uliomega chapati unarudi kwenye wali. Tungeweza kumtenga mtoto na sahani yake pembeni, na tumbo lake lingesalimika. Lakini msichana wa miaka 11 akiketi peke yake harusini kila mtu humtazama, na huanza kunong'onwa kwamba ana ugonjwa, na maneno hayo humfuata mpaka siku ya kuposwa kwake.

Mwenyeji wetu, bibi mtu mzima ambaye mji mzima humwamkia, alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akamtazama binti.

"Shikamoo, Bibi," akasema mtoto.

"Marahaba, mwanangu. Wali waweza kula?"

"Naweza, Bibi. Wali, na samaki, na kila kitu kisicho na unga wa ngano."

Bibi akageukia jikoni akaamrisha sinia ya kwanza ipakuliwe kabla chapati hazijafunuliwa: wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchuzi wa kamba, mbaazi. Akaiweka katikati ya ukumbi, si pembeni, akatangaza kwamba sinia hiyo haina ngano na anayetaka chapati aende kwingine. Wasichana watano wakang'ang'ania nafasi tatu. Wakanawishwa mikono, wakala, wakacheka mambo yao tusiyoyajua.

Neno la hatari katika karamu zetu ni "kidogo tu". Huja kwa mapenzi, na ndiyo sababu ni gumu kulikataa. Mama mmoja mzee alimletea kaimati, akamwambia aseme Bismillahi na haitamdhuru. Tukainuka, lakini mtoto alitutangulia. Akaupokea mkono wa yule mama kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, Bibi, daktari amenikataza ngano. Lakini tende zako nitakula." Akala tende tatu, na mama mzee akaketi kando yake akimpigia hadithi za Lamu ya zamani mpaka bi harusi alipotolewa.

Asubuhi yake mwenyeji wetu alituita jikoni kutuonyesha mkate wa kumimina. Mchele ulikuwa umelowekwa usiku, ukasagwa kwa tui zito, ukatiwa hamira, sukari na iliki. Alikuwa na desturi ya kutia kijiko cha unga wa ngano ili ushikane. Siku hiyo alitia ute wa yai mahali pake, na mkate ukaumuka ukawa na vitundu vyake kama kawaida. Kuhusu haluwa alikuwa mkali: inategemea wanga uliotumika, wa mahindi au wa ngano, na asiyejua wanga wa haluwa yake asimpe mtoto. Kisha akaomba aandikiwe maneno ya kutafuta kwenye pakiti. Kwa kuwa yeye husoma herufi za Kiarabu tu, binti yetu aliketi na kalamu yake ya madrasa akayaandika kwa khati hiyo: qamh, hinta, daqiq, samid, sha'ir, na chini yake akaiga maumbo ya yale ya Kiingereza ili bibi ayatambue kwa sura. Bibi aliisoma karatasi mara mbili kwa sauti, akamsahihisha nukta moja, akaibandika kabatini juu ya kopo la suji.