Nyumba Moja, Familia Nne

Ukitoka Dar es Salaam kwa boti, unateremka bandarini Malindi, na baada ya hatua chache umeshaingia katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Nilikwenda kumtembelea shoga yangu wa siku za shule, aliyeolewa huko Unguja. Anakaa Mkunazini, karibu na Kanisa Kuu la Anglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa.

"Hodi!" niliita mlangoni.

"Karibu, dada, pita ndani!" waliitika wanawake watatu kwa pamoja. Kumbe nyumba ile ina familia nne.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitwaliwa na serikali, na familia za kawaida zikapewa vyumba humo. Vyumba vyenyewe ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, ambazo ni za kama mita tatu tu. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, hata joto la mchana halipenyi upesi.

Nilipenda maisha yale. Mama akienda sokoni Darajani, chungu chake hakiungui, jirani yupo. Mtoto akianguka ngazini, wanaotoka mbio ni wanne.

Lakini usiku mvua ilinyesha, maji yakatiririka ukutani kando ya kitanda changu. Shoga yangu akaja na sufuria.

"Paa hili ni la nani?" nilimwuliza.

"La wote, shoga. Ndiyo maana halina mwenyewe. Wa chini wanasema wao hawavujiwi, wachange nini?"

Hapo nilishtuka. Maji ndiyo adui wa nyumba hizi. Chokaa hulowa, ncha za boriti huoza, na mwisho hata wa chini huangukiwa. Wengine hupiga lipu ya saruji wakidhani wanaimarisha, kumbe saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta. Mji huu uliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba mashuhuri la forodhani, ilianguka na kuua watu wawili.

Kesho yake tulitembea hadi Michenzani, kwenye mabloki marefu ya miaka ya 1970 yaliyotokana na mpango wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki. Yamewapa watu wengi makazi, lakini nilimwaza mama wa orofa ya juu siku maji yanapokatika, na ndoo kichwani. Nikaona familia nne ni kipimo kizuri: ni wachache kiasi cha kujuana, tena wanatosha kusaidiana.

Jioni wale mama wanne walikaa uani. Bibi mkubwa kuliko wote akaweka katikati kopo tupu la maziwa. "Kila mwezi, kila mlango utie chochote humu," alisema. "Kwanza paa, halafu mfereji wa mvua." Wa chini ndiye aliyetangulia kutia.

Mama mwenzangu, wengi wetu leo tunajenga vyumba vya kupangisha, au tunajenga pamoja na shemeji na wifi kwenye kiwanja kimoja. Ni jambo jema. Ila kabla hamjagawana vyumba, kubalianeni kwanza nani atatengeneza paa.