KURUDI NI KUFUPI



Wiki jana nilimsindikiza mama mmoja wa kanisa letu hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Alikuwa anaenda New York kumwona mtoto wake, na hajawahi kupanda ndege. Akaniuliza, "Pasta, ni mbali kiasi gani?"

Nilimwambia ukweli: kama kilomita 11,800. Tangu Oktoba 2018 kuna ndege inayotoka Nairobi hadi uwanja wa John F. Kennedy bila kutua njiani, na inakaa angani karibu saa 15. Wakati huu wa kiangazi kule, New York iko nyuma yetu kwa saa 7. Kwa hiyo ukiondoka hapa saa tano usiku, unafika saa moja asubuhi kwa saa yao. Saa ya ukutani itasema umesafiri saa 8, lakini mwili wako unajua ni 15.

"Na kurudi, Pasta?"

Kurudi ni kama saa 14. Mama akashangaa, si njia ni ile ile? Ni ile ile. Lakini huko juu kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda, ndege inapambana nao. Ukirudi nyumbani, unaisukuma.

Nilipomuaga nikarudi kwenye gari, na kabla sijawasha injini Roho Mtakatifu akanigusa. Mama huyu anavuka bara na bahari kwa sababu ya upendo. Mimi nina kaka yangu wa damu anayeishi Kitengela. Kutoka kwangu hadi kwake ni dakika 40, jam ikikubali. Nilikuwa sijafika kwake miaka 3. Tuligombana juu ya shamba la baba, na kila Jumapili nasimama madhabahuni nikihubiri msamaha!

Ndipo nikamkumbuka yule kijana wa Luka 15. Kwenda kwake nchi ya mbali kulimgharimu kila kitu. Lakini kurudi, hakumaliza safari peke yake. Mzee alimkimbilia njiani. Mpendwa, ukigeuka kuelekea nyumbani, upepo wa Mungu uko nyuma yako.

Nikampigia kaka nikiwa pale pale kwenye maegesho. Akanyamaza kwanza, kisha akasema, "Ulipotelea wapi?" Mambo ya shamba bado hatujayamaliza. Lakini Jumamosi nilikunywa chai kwake.

Na wewe je? Nani yuko karibu nawe kwa kilomita lakini mbali kwa moyo? Usingoje matanga ndiyo muonane. Mpigie leo, kabla jua halijatua.

Baba, tupe unyenyekevu wa kugeuka. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea neno hili, andika AMINA, kisha piga hiyo simu.