Chubwi na Kumbi

Januari hii nilikuwa nikipogoa kahawa simu ilipolia kutoka Kilifi. Kitinda mimba wa mzee wangu alisema maneno mawili: "Baba ametutoka." Niliacha makasi pale pale shambani, nikapanda basi la usiku.

Mzee mwenyewe hakuwa mtu wa kwetu. Nilizaliwa 1958 karibu na Nkubu, Imenti Kusini, ambako mto ulivukwa kwa kuruka mawe na samaki hakuwa chakula cha mtu mwenye heshima zake. Nilisoma, nikafaulu kiasi cha kufaulu, na 1979 nikaajiriwa upande wa uvuvi kwa sababu nafasi za mifugo zilikuwa zimejaa. Niliposema 1981 kwamba nahamishiwa Pwani, nyanya alicheka hadi akashika mbavu. Masimulizi ya Wameru husema wazee wetu walitoka Mbwaa, kisiwa cha huko pwani, wakiwakimbia Nguo Ntuune, watu wa nguo nyekundu, na Koomenjwe ndiye aliyewavusha maji. "Wenzako walitoroka huko usiku," akasema, "nawe unarudi kwa mshahara?"

Kilifi ya wakati huo haikuwa na daraja. Magari yalivuka kwa feri kati ya Mnarani na mjini, na kando ya gati la feri, upande wa Mnarani, ndipo nilipomkuta mzee huyo, nitakayemwita Nahodha. Jina lake nawaachia wanawe. Kazi yangu ilikuwa kukaa dikoni na fomu: chombo gani, zana gani, samaki wa aina gani, kilo ngapi, bei gani. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaitazama kalamu yangu, akauliza, "We Mmeru, unaandika samaki. Maji utayaandika lini?"

Niliona ni maneno ya mzee aliyekosa usingizi. Miaka kumi na mitatu iliyofuata nilikuwa mwanafunzi wake.

Watu wengi hudhani kaskazi ndiyo raha ya mvuvi. Kuanzia Desemba hadi Machi bahari hutulia, vyombo hupita mlango wa mwamba bila woga, hoteli hujaa wageni. Kusi ndiyo hutesa: kuanzia Aprili mawimbi hufunga nje, na kila mwenye mtumbwi hujazana ndani ya hori, ambalo siku hizi wengi huliita kriki. Lakini Nahodha aliichukia kaskazi kwa namna yake. Maji yanakuwa meupe, samaki anauona mshipi kama mtu anavyoiona kamba ya nguo uani. Jua likipanda, kolekole huteremka kwenye kina na hataki hata kamba mbichi. Kwa hiyo msimu wa joto ulimwachia mlango mwembamba: asubuhi za bamvua. Siku hizo, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hujaa alfajiri na kupwa mnamo saa nne asubuhi, na tangu mapambazuko yote yaliyopanda mikokoni yanatoka kwa pamoja. "Yakijaa, samaki wana vyumba mia," alisema. "Yakitoka, mlango ni mmoja." Kamba wadogo na mikizi wanasukumwa nje, na kwenye kina cha mlangoni mzia na kolekole wanangoja kama makondakta steji.

Hilo sikumbishia. Tulichobishania ni mwisho wa maji.

Maji yakikaribia kusimama, samaki huacha kula. Yakigeuka, hula tena kwa muda mfupi, lakini upande wa pili wa kina. Anayetaka hao lazima awe amehamisha nanga kabla. Wengine walitazama mapovu juu ya maji. Nahodha alitupa kumbi la nazi, likaelea, likaenda zake baharini. Kisha alishusha chubwi, kipande cha risasi alichokiyeyusha mwenyewe kwenye kopo la maziwa, mpaka kikagusa chini, akakiinua kiasi cha shibiri. Mshipi aliushika kwa kidole gumba na cha shahada tu, macho amefumba. "Bado," anasema. Kumbi linakwenda. "Bado." Halafu, kumbi likiwa bado linakwenda baharini, nasema bado linakwenda, nimeliona kwa macho yangu, yeye anafumbua macho: "Yamegeuka." Anavuta nanga.

Kwamba maji ya chini hugeuka kabla ya ya juu! Nilimwambia ni mtumbwi unaoyumba, ni mshipi unaopinda kwa kusukumwa na maji ya katikati, ni damu inayopiga kidoleni mwake. Siku moja nilikuja na saa na mishipi miwili, mmoja mzito mmoja mwepesi, nikapima tangu saa tatu. Ilipofika saa tano nilikuwa na ukurasa wa tarakimu zisizokubaliana, naye alikuwa na kolekole wanne.

Nikaanza kuongeza safu moja kwenye fomu kwa penseli: J kwa maji ya kujaa, T kwa ya kutoka. Miezi mitano. Mkubwa wangu wa wakati huo alipozikagua, alichukua raba akafuta safu yote, ukurasa baada ya ukurasa, huku akizungumza nami habari za mpira. Alipomaliza akapuliza unga wa raba mezani: "Serikali hailipi mwezi, kijana." Miaka mingi baadaye nilialikwa semina hotelini, na mtu yule yule, sasa ana kitambi na kadi ya jina kifuani, akatueleza kwa picha ukutani kwamba maarifa ya wavuvi kuhusu maji kujaa na kupwa ni hazina. Nilikunywa chai yangu.

Daraja lilipofunguliwa 1991 feri zikaondoka, gati likabaki la watoto na wavuvi. Mimi 1994 nikahamishiwa Embu, kwenye bwawa la Kamburu, pale Thiba inapoingia Tana. Yale ni maji ya umeme: bwawa la Kindaruma la 1968, Masinga la 1981, na mengine kati yao. Mikunga, ambao huzaliwa baharini na kupanda mito, kuta zile ziliwazibia njia. Wavuvi walitega nyavu za tilapia na kambare, wakichunga viboko na mamba. Hakuna kujaa wala kupwa, ila wenye mitambo wakifungua au kufunga.

Mwishoni mwa 1997 ikaja mvua ya El Nino. Thiba ilishuka nyekundu kama chai ya maziwa, na mahali ilipokutana na bwawa nikaona jambo: mstari wa vijiti, povu na makopo umesimama katikati ya maji, hauendi mbele. Nyuma yake wekundu, mbele yake maji safi. Mto mzima ulikuwa unazama. Nilikuwa na chubwi ya Nahodha. Nikaishusha upande wa maji safi, na huku povu la juu likirudi polepole kuelekea mtoni, mshipi ukavutwa kwa nguvu kuelekea ukuta wa bwawa. Maji ya juu yana safari yake na ya chini yana yake.

Vijana, mnisamehe, hapa sauti yangu hupanda. Mwaka 2009 serikali ilichimbisha vidimbwi vya samaki 200 katika kila eneo bunge lililochaguliwa, kila kimoja mita 300 za mraba, na vingi vya huku kwetu sasa vinaota majani ya ng'ombe. Mlikuja kuniuliza bei ya chakula cha samaki na bei ya kilo. Hakuna hata mmoja aliyetia mkono majini akaniuliza mbona juu ni vuguvugu na chini ni baridi. Na ninyi wa Kilifi mna simu zinazowaambia saa ya maji kujaa. Sawa. Saa ya kujaa si saa ya mkondo kusimama mlangoni, na simu haina kidole.

Mwaka 1998 nilichukua likizo, nikashuka hadi Mnarani kumwambia Nahodha kwamba nimeshindwa, yeye ndiye mkweli, nimeyaona kwa macho yangu Kamburu. Alinisikiliza hadi mwisho akitafuna tambuu. Akatema.

"Hayo ni maji ya Embu," akasema. "Mto haujui kurudi. Sasa hayo yanathibitisha nini?"

Alikataa kabisa. Aliutaka ushindi wake utoke majini mwake au asiupate.

Tulimzika alasiri. Kesho yake ilikuwa bamvua. Nikaazima mtumbwi wa mjukuu wake, nikafunga nanga chini ya gati la zamani, na ilipokaribia saa nne nikatupa kumbi. Likaenda baharini, pole pole. Nikashusha chubwi hadi chini, nikainua shibiri moja, nikafumba macho. Mshipi ulinigusa upande wa ndani wa kidole, kama unaelekea bara. Nikafumbua macho: kumbi bado linakwenda. Nikafumba tena. Mjukuu akauliza, "Yamegeuka, babu?"

Nikamwambia, "Bado. Shika wewe."