Chenga za Usiku

Kama umekulia kwenye nyumba yenye televisheni ya antena, chenga huna haja ya kufundishwa. Ni vile vidoa vyeupe vilivyokuwa vikicheza kiooni mpaka mtu apande juu ya bati kuzungusha antena, huku wa ndani wakipiga kelele, "Hapohapo! Aa, umeipoteza!" Basi picha za kidijitali nazo zina chenga zake, hasa zikipigwa gizani. Antena ya kuzungusha hakuna. Kuna programu ya kompyuta, na kuna swali ambalo programu haiwezi kulijibu peke yake: chenga ni ipi, na uso ni upi?

Wengi hudhani chenga ni ubovu wa kamera tu. Si kweli. Mwanga huja kwa chembe, nazo haziji kwa foleni. Tega makopo uani wakati wa manyunyu ya dakika moja: hili litapata matone matatu, la jirani saba, ingawa wingu ni moja. Ikishuka mvua ya masika ya saa nzima, tofauti ya kopo na kopo huioni tena kwa jicho. Pikseli ndiyo makopo hayo. Penye chembe 100 za mwanga, kupungua na kuzidi ni kama 10, yaani sehemu moja ya kumi. Penye chembe 10,000 ni kama 100, sehemu moja tu ya mia. Ukipandisha ISO huongezi mvua. Unakuza kilichomo koponi, pamoja na kasoro zake.

Haya yalinigusa kwa sababu ya baba yangu. Kwa miaka 22 alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala moja kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Sisi watoto tulimjua akiwa amelala. Picha zake zote zilikuwa za mchana: harusi, kipaimara, macho mekundu, suti ya kuazima. Wiki ya mwisho kabla hajastaafu nilimfuata lindoni na kamera ya mtumba. Taa ilikuwa moja, juu ya geti. Nikaweka ISO 6400, kamera nikaikalisha juu ya kreti ya soda, nikampiga picha nne mfululizo ameketi na koti lake kubwa, tochi mapajani. Nafasi ya kurudia haikuwepo. Jumatatu iliyofuata kiti kile kingekuwa cha mtu mwingine.

Zilitoka na chenga tele. Kaka yangu akaipitisha moja kwenye programu ya simu, ile ya kugusa mara moja. Kha! Mzee akawa laini kama sabuni.

"Si umeona? Kijana kabisa!" kaka akafurahi.

Baba akaishika simu, akaisogeza mbali kidogo na macho.

"Huyu ni nani, mwanangu?"

Kovu lake la juu ya jicho, alilolipata usiku ghala lilipovamiwa, halikuwepo. Mvi za kidevuni nazo zilikwenda na maji.

Basi nikakaa na kompyuta. Faili ghafi nilizifungua kwenye darktable, programu ya bure. Kwanza nilifuta chenga za rangi, yale madoa ya kijani na zambarau vivulini, bila huruma, maana jicho husoma undani kwenye mwanga na kivuli kuliko kwenye rangi. Halafu ukuta na geti, vitu visivyotikisika. Nilizipanga picha zote nne kwenye GIMP, moja juu ya nyingine: ya chini asilimia 100, ya pili 50, ya tatu 33, ya juu 25. Huo ndio wastani. Chenga hubadilika kila picha, kwa hiyo zinafutana, na picha nne huzipunguza kwa nusu. Lakini baba alikuwa anapumua, anageuza kichwa. Uso wake ukitiwa wastani huo ungekuwa wa watu wanne. Nikauacha kwenye picha moja, nikapunguza chenga zake kidogokidogo huku nikitazama kovu tu. Lilipoanza kufifia, nikarudi hatua mbili nyuma.

"Mbona umebakiza uchafu?" kaka akauliza.

Nilimwambia programu hukisia. Hulinganisha pikseli na wenzake, na penye badiliko dogo la ghafla hulainisha. Sasa, kovu ni badiliko dogo. Unywele wa mvi ni badiliko dogo. Hata programu za akili bandia, kama ile iliyotiwa ndani ya Lightroom mwaka 2023, hukisia, ila kwa ufundi zaidi, kwa kuwa zimefunzwa kwa picha nyingi. Zinaweza kukupa ngozi safi sana. Lakini ya nani?

Kwa hiyo, mwenzangu unayepiga picha za usiku, faili ghafi usiifute kamwe. Anza na rangi. Kuza picha hadi asilimia 100 ndipo uamue. Na kabla hujagusa chochote, chagua kitu kimoja ambacho kikipotea mwenye sura hatajitambua. Kilinde hicho. Chenga zitakazosalia ziache. Ule ulikuwa usiku, na yeye alikuwa macho.