Shona Zimwi, Usishone Mtu

Magomeni, Dar es Salaam

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Naandika nikiwa na akili timamu na mkono ambao bado unashika kalamu, ingawa sindano umeshaikataa. Mambo ya nyumba na shamba yana warithi wake na yameshaandikwa mbele ya mashahidi, humu hayamo. Humu mna cherehani, sanduku la vitambaa, daftari la wateja na kazi yenyewe ya kushona wanasesere wa mazimwi. Hayo nakuusia wewe peke yako, na wenzio wasinung'unike, kwa kuwa hayafiki hata robo ya ile theluthi niliyoruhusiwa. Katika watoto wote wa nyumba hii ni wewe tu uliyekuwa ukilala na zimwi ubavuni huku wengine wakikimbilia uani.

Watu watakuuliza kwa nini unashona vitu vya kutisha na magauni yapo. Usijitetee sana. Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge walikuja na ufundi wao, na katika miaka ya 1950, hapa hapa Dar es Salaam, Samaki Likankoa akaanza kuchonga mashetani: jicho moja, mdomo umekwenda shavuni, mguu umeota pasipo mguu. Mfanyabiashara Mohamed Peera akamtia moyo, wageni wakayapenda, na mpaka leo ukienda Mwenge utayakuta yamepangwa. Baadaye George Lilanga, aliyekuwa akifanya kazi Nyumba ya Sanaa, akayatia mashetani hayo rangi, yakawa na masikio mapana na matumbo yaliyotuna, yanacheza ngoma, yanagombana, yanabebana. Zitafute picha zake uzitazame kwa utulivu. Unashtuka, halafu unacheka, na hujui kipi kilitangulia. Hapo ndipo ninapopataka mimi, na sifiki kila mara.

Wengine watakuja na suala la sanamu na dini. Vitu vya kuchezea watoto wanazuoni wengi wameviruhusu, na habari ya Bi Aisha na wanasesere wake unaijua tangu madrasa. Nilikwisha kulizungumza hilo na Mola wangu. Wewe lizungumze na wako.

Sasa kazi. Uso ukate kwenye merikani, usikate kwenye kitenge. Kitenge kina maneno mengi, na uso wa zimwi unataka kitambaa kinyamavu ili macho na mdomo visikike. Kitenge kipeleke tumboni, miguuni na mkiani. Merikani yenyewe ichemshe kwanza kwa majani ya chai na chumvi kidogo, uianike kivulini mpaka ipate ule weupe uliochoka. Ukiruka hatua hiyo itakuja kuruka kimo siku ya kufuliwa, na zimwi litapinda shingo bila wewe kupanga.

Meno kata pembetatu ndogo mbilimbili, shona pande mbili, pindua kwa ncha ya sindano butu, kisha yaweke kati ya midomo kabla hujaifunga. Yasilingane. Meno yaliyolingana ni ya tangazo la dawa ya mswaki. Moja liwe refu, moja limevunjika, na mahali pamoja acha pengo. Macho pia yasiwe pacha wala yasitazame upande mmoja. Nimewahi kubadilisha jicho moja tu, nikalishusha upana wa uzi, na zimwi lililokuwa limekaa kijinga likaanza kunifuata kwa macho chumba kizima. Waliosema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi hawakuwahi kumaliza mdomo saa saba ya usiku umeme umekatika.

Mgongoni acha tundu la vidole vitatu. Pindua, jaza kwa kijiti cha mwanzi, anza na pembe na vidole, malizia tumbo. Sisi tulilelewa kwenye mito ya sufi, na sufi ni nyepesi na ina mdundo mzuri, lakini inarukaruka, inakohoza, mbegu zake zinaita panya, na ikiona moto haisubiri. Kwa mwanasesere wa mtoto tumia faiba safi ya mito. Sufi iachie mazimwi ya kukaa juu ya rafu kwa watu wazima, na mnunuzi umwambie kilichomo. Funga tundu kwa mshono wa kuficha, uzi maradufu, kisha vuta. Vuta masikio, vuta mkia, vuta meno, vuta kwa ubaya alionao mtoto wa miaka miwili. Kinachong'oka mkononi mwako kingeng'oka mdomoni mwake.

Vifungo vya macho usiviweke kabisa kwa mtoto mdogo, hata mteja akikusihi. Macho ya mtoto mdogo yanatariziwa. Wamarekani wana kipimo chao cha vitu vya kuchezea vya watoto walio chini ya miaka 3, kikombe chembamba chenye kipenyo cha milimita 31.7. Kipande kisicho cha kitambaa wala uzi kinachoingia humo chote kinahesabiwa kuwa kinaweza kumkaba mtoto, na kitu chenyewe hakiruhusiwi kuuzwa kwa umri huo. Kifungo cha koti kinaingia na nafasi inabaki. Mwaka 2025, wakati ninyi vijana mlipokuwa mkinijazia nyumba kelele za mwanasesere Labubu, mamlaka ya usalama wa bidhaa ya huko huko iliwaonya wazazi juu ya Labubu bandia kwa sababu hiyo hiyo, kwamba wanavunjika vipande vinavyoweza kumkaba mtoto. Na wewe usimwige. Labubu ni wa Kasing Lung, mzaliwa wa Hong Kong aliyekulia Uholanzi, aliyemtoa kwenye vitabu vyake vya picha mwaka 2015, na mdomo wake una meno tisa ambayo wanunuzi wanayahesabu. Kimbunga kile kimetufundisha jambo moja tu lenye faida, kwamba duniani wapo watu wengi wanaotaka kuning'iniza kitu chenye meno kwenye mkoba. Wape chenye meno yako.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya niombe karatasi.

Hiyo merikani unayoikata, ya kwanza katika karne ya 19 ililetwa Unguja na meli za Kimarekani, nyingi zikitoka Salem, Massachusetts. Zilishusha vitambaa, zikapakia pembe za ndovu na sandarusi, na mwaka 1833 nchi yao ikafunga mkataba na Sayyid Said. Mji huo huo, mwaka 1692, uliwanyonga watu 19 kwa tuhuma za uchawi. Wa kwanza alikuwa mwanamke aliyeitwa Bridget Bishop. Miongoni mwa ushahidi uliotolewa juu yake ni wa wafanyakazi waliobomoa ukuta wa chumba cha chini katika nyumba aliyokuwa akikaa, wakasema ndani yake wamekuta wanasesere wa matambara na nywele za nguruwe, wamechomwa pini zisizo na vichwa. Matambara, mjukuu wangu. Kitu ambacho mimi nawe tunakifanya kwa mchana mmoja. Leo Salem inafurika wageni kila Oktoba, na vitu vya wachawi vinauzwa madukani kwa ajili ya Halloween ya tarehe 31.

Wao kutoka kamba mpaka duka la zawadi imewachukua zaidi ya miaka mia mbili. Sisi hatujafika huko. Usukumani vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe jikoni. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa viungo vyao. Mwaka 1995 hofu ya jini Popobawa ilipotoka Pemba ikavuka hadi Unguja, watu walilala nje makundi kwa makundi, na kundi moja likamuua mtu mgonjwa wa akili kwa kumdhania ndiye.

Kwa hiyo nasema, na huu ndio usia wenyewe: shona zimwi, usishone mtu. Zimwi halina kabila, halina ukoo, halina nyumba ya tatu kutoka kwetu. Hakuna mtoto wa zimwi atakayepigwa mawe kwa sababu wewe umelishona baya. Lakini wateja wa Oktoba kutoka Masaki watakuomba bibi kizee mchawi, pua ndefu, macho mekundu, mgongo umepinda. Kwao ni mchezo na hawana nia mbaya, ni wateja wazuri na wanalipa palepale. Wape zimwi lenye ufagio. Kikongwe usimshone. Mimi mwenyewe macho yangu sasa ni mekundu kwa kutunga uzi usiku, na mgongo unauona. Usimshone mtu mweupe mwenye nywele za njano akiwa ndiye kitisho. Mtalii akikuomba Popobawa, mwambie huyo hatumtengenezi, na akitaka sababu mweleze, maana wengi wanaondoka wamelipenda zaidi zimwi kwa kusikia.

Na atakuja mwenzetu na picha kwenye simu. Mimi alinijia mama mmoja, kavaa vizuri, anaongea kwa upole, anataka mwanasesere "anayefananafanana" na mke mwenzie, na kama nitaweza nimtilie uzi wa nywele alioufunga kwenye leso. Alitaja bei ya mazimwi kumi. Nilimpa chai, nikamwambia fundi anaumwa. Wewe ukitaka mkatae waziwazi, lakini mkatae. Ndani ya kazi zetu haviingii nywele za mtu, kucha, mfupa, jino, jina lililoandikwa wala picha. Sheria ya Uchawi iliyowekwa na Mwingereza mwaka 1928 ingali ipo, na inamgusa anayetengeneza, anayemiliki na anayempa mwingine kifaa cha uchawi. Zimwi lako halina kosa lolote kisheria. Usilipe tu sura ambayo utalazimika kuitetea mbele ya mjumbe wa nyumba kumi huku umati unasikiliza dirishani.

Ndiyo maana pini zangu zina idadi, na unajua nilivyokuwa nikigomba. Zihesabu kabla ya kukata, zihesabu kabla ya kufunga mgongo. Pini iliyosahaulika tumboni kwa mwanasesere ina kesi mbili, ya mtoto aliyechomwa na ya jirani aliyeiona.

Kwenye biashara sina mengi. Mnunuzi atakwambia, "Bibi, si matambara tu haya?" Ni matambara, kweli. Muulize fundi wa magauni anatoza kiasi gani kwa siku nzima, na zimwi lililokula siku nzima liwe bei hiyo pamoja na uzi. Oda za Oktoba zipokee kuanzia Julai na mlango uufunge mwanzoni mwa Septemba, kwa sababu kifurushi kinachokwenda nje kwa posta hakiulizi Halloween ni lini, na zimwi likifika Novemba halina thamani. Mali kauli usitoe bila karatasi. Kuna mwenye duka Unguja aliyebeba sanduku zima kwa maneno matamu, na mpaka leo simu yake haipatikani. Simtaji. Daftari linamtaja, lakini usimfuatilie, nauli ya boti itakula kilichobaki.

Watoto wakija kibarazani waache wayashike. Usiwatishe kwa kuwarushia, wala usikubali mzazi akwambie "mwoneshe huyo zimwi ale chakula chake." Mtoto mwenyewe ndiye anayelifuata zimwi, analigusa jino, anakimbia, anarudi. Akilia, liondoe. Mama yako alilia mwaka mzima, na sikumlazimisha, ndiyo maana kazi imekuja kwako badala ya kwake.

Cherehani itie mafuta kila Ijumaa, tone moja kwenye kila tundu, na mkanda wake mpya umo kwenye droo ya kushoto. Mkasi mkubwa usikatie karatasi. Nadaiwa katoni ya uzi na yule kijana wa Mtaa wa Kongo, risiti imebanwa kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, umlipe kabla ya arobaini. Zimwi jekundu lenye mikia mitatu lililo juu ya kabati ni la mtoto wa mwalimu wa jirani, na mama yake ameshalipa nusu, Sh15,000. Akileta nusu iliyobaki, mpe zimwi lake. Asipoleta, mpe vilevile, mtoto ameshasubiri vya kutosha.

Bibi yako