Nguo ya Kuazima

Nguo ya kuazima haisitiri matako. Methali hii nilifunzwa nikiwa shule ya msingi, nami niliiamini bila kuihoji hadi nilipofika mwaka wa pili chuoni na kupanga chumba mtaani Kahawa Wendani, karibu na Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Chumba chenyewe kilikuwa na kabati lililojengewa ukutani. Milango yake miwili ya plaiwudi ilikuwa imechakaa kupindukia. Rangi ya mafuta iliyopakwa zamani ilijaa masizi ya stovu, na mlango wa kushoto ulining'inia kwa bawaba moja mithili ya jino la mtoto linalokaribia kung'oka. Kila usiku niliutazama, nao ukinikumbusha kuwa pale sipo kwangu.

Huenda msomaji akauliza: mbona hukupigilia misumari, ukapaka rangi mpya, mambo yakaisha? Naam, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Katika chumba changu cha awali nilipigilia misumari minne mlangoni ili nitundike nguo. Siku ya kuhama, mwenye nyumba aliihesabu mmoja mmoja, kisha akanikata shilingi 3,000 kutoka kwenye amana. Fedha hizo mama alikuwa amezichuma kwa kuuza mahamri. Kwa muda mrefu sikuwa na uso wa kumweleza.

Nilipomweleza hatimaye, hakunilaumu. Alifungua sanduku lake akatoa doti ya leso aliyoinunua Biashara Street, Mombasa, mwaka niliozaliwa. Jina lake lilisomeka: Mgeni njoo mwenyeji apone.

"Nakuazima, mwanangu, sikupi," alisema. "Ukimaliza kusoma nirudishie nzima."

Kazi haikuhitaji fundi. Kwanza niliishughulikia bawaba. Matundu ya skrubu yalikuwa yamepanuka, nikayajaza njiti za kiberiti zilizopakwa gundi ya mbao, nikayaacha usiku kucha, kisha nikakaza skrubu zile zile. Pili, niliosha milango kwa maji na sabuni. Tatu, nilikoroga vijiko vinne vya unga wa ngano katika maji baridi, nikaongeza vikombe viwili vya maji, nikapika hadi ukawa uji laini. Ulipopoa niliupaka mlangoni, nikatandaza leso juu yake na kuipapasa kwa kiganja ili kuondoa mapovu. Leso ilikuwa imefuliwa miaka mingi, hivyo haikuchuja rangi. Sikuikata, sehemu iliyozidi niliikunjia upande wa ndani. Madirisha niliyaacha wazi kutwa, maana uji usiokauka huleta ukungu na kualika mende.

Leso ni pana kuliko kimo chake, hivyo nililazimika kuisimamisha, na maandishi yakasimama wima pia. Kila mgeni aliyeingia aliinamisha shingo kuyasoma, na kabla hajamaliza alikuwa amekwisha kucheka na kujiona amekaribishwa.

Miaka miwili baadaye nilihama. Niliilowesha leso kwa maji vuguvugu, ikabanduka polepole bila kuacha alama, kwani rangi ya mafuta iliuzuia uji usipenye kwenye mbao. Msimamizi wa jumba alikuja na daftari lake. Alikagua kuta, kisha akaufungua na kuufunga mlango wa kushoto mara tatu.

"Huu nao ulipona lini?" aliuliza.

Nilirudishiwa amana yote. Mama naye aliipokea doti yake, akaifua, na ilipokauka akajifunga moja na kujitanda ya pili.

Waama, siikani methali ya wahenga. Ila nguo ile ilinisitiri, labda kwa sababu tangu mwanzo nilijua fika kuwa ni ya kuazima, kama kilivyokuwa chumba chenyewe. Mpangaji huondoka na pambo lake. Bawaba aliyoitengeneza humwachia mgeni ajaye.